Usingizi wa Mnusa Mafuta

Umewahi kuamshwa usingizini ili uulizwe kama umelala? Kama hujawahi, shukuru Mungu. Kama umewahi, basi utamwelewa huyu binti wa karakana ya sabuni bila kuelezwa mara mbili.

Kazini walimwita Pua. Si kwamba pua yake ilikuwa kubwa. Ilikuwa pua ya kawaida tu, ndogo hata, imekaa usoni kwa adabu. Walimwita hivyo kwa sababu pua ndiyo iliyomfanyia kazi. Karakana yenyewe ilikuwa banda refu la bati lenye sakafu ya saruji. Ukiingia, kushoto kwako yamepangwa madumu ya mafuta, katikati yapo mapipa ya kukorogea, na kule mwisho kuna chanja za mbao ambako miche ya sabuni inalazwa ikauke. Kila dumu lililoletwa lilipita kwa Pua kwanza. Alifungua kifuniko, akachota mafuta kidogo kwa kijiko, akayamimina kiganjani, akasugua viganja mpaka mafuta yapate joto, ndipo akanusa, macho kayafumba. Yakiwa mazima alisema, "Twende." Yakiwa yameanza kuchacha alisema, "Haya hapana," na dumu likatolewa nje hata kama mleta mafuta ataapa kwa wazazi wake wote wawili.

Maana mafuta yaliyochacha ni majanja. Unayachanganya na magadi, unayatia manukato, unakoroga, unajiona umeyashinda. Kisha baada ya majuma kadhaa mche unatoka madoa ya rangi ya kutu, na unanuka kama kikaango kilichosahaulika.

Hakukuwa na jambo lingine ambalo Pua alilifanya vizuri kuwapita wenzake. Shuleni alikuwa wa katikati, jikoni wa katikati, hata kucheka alicheka kwa kiasi. Pale penye madumu tu ndipo watu wazima walisimama, mikono nyuma, wakamsubiri yeye aseme.

Sasa pua nayo ina adui yake, naye ni mafua. Mafua ya Pua yalikuwa hayaishi. Yakiondoka haya, yalikutana mlangoni na mengine yanaingia. Koo likiacha kuwasha, kikohozi kinaanza. Kikohozi kikitulia, macho yanaanza kutoa machozi.

Na mafua yakimshika Pua, mama yake alianza kazi.

Waliishi wawili, mama na binti, katika nyumba ya vyumba viwili vinavyotazamana. Mama alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ndara za mpira zilizolia *chap, chap* kwenye sakafu, na alikuwa na taratibu zake. Pua akishapitiwa na usingizi tu, Mama aliingia na glasi ya tangawizi na limau. "Inuka unywe ikingali moto." Pua aliinuka, akanywa, akalala. Baadaye kidogo Mama alirudi kumpapasa paji la uso. Akaondoka. Akarudi kumchua kifua. Akaondoka. Akarudi kumvutia shuka lifike shingoni. Na akiona kimya kimezidi, aliinama, akamgusa bega.

"Umelala?"

"Nilikuwa nimelala, Mama."

"Aa, basi lala, mwanangu."

Asubuhi Pua alikwenda kazini macho mekundu, kichwa kizito kama ndoo iliyojaa, na majirani wakimsifu Mama kwamba anajua kuuguza.

Mkasa wenyewe ulianzia kwenye dawa ya kuchua, ile kali inayokaa kwenye kikopo kidogo cha bati. Siku moja Mama aliona kumchua kifua hakutoshi, akampaka na chini ya matundu ya pua ili apumue. Pua akaamka, akanawa uso kwa sabuni, akaenda zake. Karakanani akakuta gari la mafuta limefika, dereva hajazima hata mtambo. Pua akafungua dumu la kwanza, akasugua viganja, akanusa. Dawa ya kuchua. Dumu la pili, dawa ya kuchua. Alikwenda bombani, akanawa tena, akarudi, akanusa la tatu, na hilo likanukia kama kifua cha mgonjwa.

Hapo angesema, "Leo siwezi." Neno lenyewe fupi. Lakini watu walikuwa wamesimama, mikono nyuma. Mleta mafuta alikuwa yule yule wa siku zote ambaye hakuwahi kuleta kitu kibovu. Pua akafumba macho, akasema, "Twende." Akasema "twende" mpaka dumu la mwisho.

Miche ilipotoka madoa, Koroga ndiye aliyeiona kwanza. Koroga alikuwa bwana wa makamo aliyekoroga mapipa kwa mti mrefu kama kasia, na mdomo wake haukupumzika kama mikono yake isivyopumzika.

"Jamani, sabuni hii ina surua!"

Wakaja wakatazama. Chanja nzima. Akaitwa Tajiri, mwenye karakana, mzee aliyevaa miwani iliyofungwa kamba shingoni. Tajiri hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliuchukua mche mmoja, akaugeuza, akaunusa, akaurudisha mahali pake polepole.

"Pua, mafuta haya uliyanusa au uliyaota?"

"Nilikuwa na mafua, Tajiri. Na dawa puani."

"Kila siku una mafua. Sijui mafua ni yako au wewe ndiye wa mafua." Akavua miwani ikaning'inia kifuani. "Sikiliza, binti yangu. Nimepata kazi ya kuwatengenezea sabuni shule ya bweni. Mafuta yatakuja kwa mafungu, mengi, na waletaji ni wapya siwajui. Ukiyanusa vizuri, hapa ni pako. Ukija tena umeziba, nakupeleka chumba cha kufunga, namweka mpwa wangu kwenye madumu. Sikufukuzi. Nakuhamisha tu."

Chumba cha kufunga kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Wanawake walikaa kwenye benchi wakiizungushia miche karatasi na kupiga soga. Ilikuwa kazi safi, haina ubaya. Ila huko hakuna aliyemsubiri mtu aseme.

Pua akaomba ruhusa, akaenda zahanati. Mama akajifunga kitambaa kichwani, akachukua mkoba, akaenda naye.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya mtu aliyeongea tangu alfajiri. Akamkalisha Pua kwenye kiti cha chuma.

"Unasumbuliwa na nini?"

"Mafua, daktari," Mama akajibu. "Hayambanduki."

"Unakula vizuri?"

"Anakula. Mimi ndiye nampikia."

"Na usingizi? Unalalaje?" Daktari aliuliza huku akijichomekea masikioni kile kipimo cha kusikilizia mapafu, akakiweka mgongoni kwa Pua.

"Analala vizuri sana," alisema Mama. "Mimi mwenyewe huwa namwamsha nimwangalie."

Daktari hakusikia. Alikuwa anasikiliza mapafu. Alipokitoa kipimo masikioni, akamtazama Pua, na Pua akamtazama Mama, aliyeukumbatia mkoba wake magotini kama mtu anayesubiri kusifiwa.

"Nalala kiasi," alisema Pua.

"Kiasi hakitoshi," alisema daktari. "Mafua ya kawaida hayana dawa ya kuyaua. Mwili ndio unaoyafukuza, na sehemu kubwa ya matengenezo yake inafanyika umelala. Ukiukatakata usingizi, kinga inalegea. Mwenzako akikutana na kirusi cha mafua anapiga chafya mbili yamekwisha, wewe kinakufanya nyumba ya kupanga. Sikwambii ukilala hutaugua. Utaugua mara chache zaidi, na utapona upesi. Mtu mzima alale saa saba au nane, mfululizo. Mfululizo. Umenielewa?"

"Amekuelewa," alijibu Mama.

Nje ya zahanati Mama alimshika mkono. "Umesikia? Kumbe ni usingizi! Basi kuanzia leo nitahakikisha unalala."

Na akahakikisha kweli. Zamani alikuja kuangalia homa. Sasa akaongeza safari za kuja kuangalia usingizi. Alisimama mlangoni akisikiliza pumzi. Asiporidhika alisogea, akagusa bega.

"Mwanangu, unalala mfululizo?"

Pua alijaribu njia nyingi isipokuwa ile moja. Alijaribu kukoroma kwa kujifanya, Mama akadhani kifua kimebana, akaleta kikopo. Alijaribu kufunga mlango kwa komeo, Mama akabisha mpaka mbwa wa jirani akaitikia. Neno la kumwambia lilikuwa tayari kinywani. Lilifika kwenye meno, likarudi.

Lilirudi kwa sababu ya Baba. Baba yake Pua aliugua kitambo kirefu, na Mama alimuuguza kwenye kiti kilichowekwa kando ya kitanda, bila kufumba jicho. Siku moja akafumba. Alipofumbua, mumewe alikuwa ameshakwenda. Toka hapo mgonjwa yeyote aliyelala kimya alimtia Mama wasiwasi. Mtu hana budi kumhurumia, na Pua alimhurumia, kwa hiyo aliamka kila alipoamshwa, akajibu kila alipoulizwa.

Halafu ikaja habari ya furaha. Mdogo wake Pua, aliyeolewa mji wa mbali, alijifungua mtoto wa kwanza, na Mama akahitajika. Alifunga begi, akalifungua, akalifunga tena.

"Nani atakuangalia?"

"Nitajiangalia, Mama."

"Na usiku?"

"Na usiku pia."

Akaacha chupa kubwa ya tangawizi kabatini, kikopo kando yake, na maelezo marefu ya kuanzia mlangoni mpaka kituoni.

Mwanzoni Pua aliamka mwenyewe, nyakati zile zile, akatega sikio kusikiliza ndara. Hakuna ndara. Akageuka upande wa pili. Kidogo kidogo mwili ukazoea, kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Akawa akiweka kichwa kwenye mto, kinachofuata ni jogoo na mwanga dirishani, na mto umemchora mistari shavuni. Mafua aliyokuwa nayo yakakauka taratibu, si kwa siku moja. Akaanza kusikia harufu alizozisahau: saruji ikimwagiwa maji, mbao za chanja, hata chuma cha kufuli la mlango mkubwa.

Wakati huo huo mkataji wa miche alikuja kazini anapiga chafya. Mafua yakaanza kutembea karakana nzima kama mgeni anayesalimia kila mtu. Chumba cha kufunga kikapata wote. Koroga akakauka sauti, watu wakapumzika masikio. Tajiri akazunguka na leso. Pua naye koo lilimwasha jioni moja. Akala, akalala mapema, akalala usiku kucha kama gogo, na kesho yake koo likawa na haya, likanyamaza.

Fungu la kwanza la mafuta ya shule likafika katikati ya hali hiyo. Pua akapita dumu kwa dumu. "Twende. Twende. Twende." Akafika kwenye dumu moja lisilo na tofauti yoyote na wenzake. Akasugua viganja, akanusa, akarudia.

"Haya hapana."

"Dada, usinifanyie hivyo," alilalamika mleta mafuta. "Haya na yale ni ya siku moja, kinu kimoja!"

Tajiri akachota, akanusa kwa nguvu. "Mimi sisikii kitu," alisema kwa sauti ya puani. "Hata ukinipa samaki mbovu."

"Mwageni kwenye beseni," alisema Pua.

Koroga akalimimina. Juu yalitoka mafuta mazuri, meupe. Chini kabisa yakatoka mengine, mazito, ya kahawia, mabaki ya zamani ambayo mtu aliona uvivu kuyaosha kabla ya kujaza dumu. Mleta mafuta akaanza kutazama matairi ya gari lake.

Tajiri akapenga makamasi. "Mafungu yaliyobaki uyanuse hivyo hivyo," alisema, akaenda zake kulala.

Mama akarudi na begi, na picha za mjukuu, na kikohozi alichokipata njiani. Alimgeuza binti yake kulia na kushoto penye mwanga.

"Unang'aa! Unaona? Tangawizi yangu hiyo."

Ile tangawizi Pua alikuwa ameimwaga jana yake kwa woga, akaisuuza chupa vizuri.

"Na sasa nimerudi," Mama alisema, akiweka ndara zake chini ya meza. "Sikuachi tena."

*Chap, chap* zikarudi. Mama aliona mwanawe amepona kwa dawa, basi ni vizuri kuendelea na dawa ili asiugue tena. Siku hazikupita nyingi macho ya Pua yakaanza kuwa mekundu, na koo likaanza kuwasha, na safari hii halikunyamaza. Fungu kubwa kuliko yote lilitarajiwa kesho kutwa.

Wakati wa chakula cha mchana alikaa na Koroga kwenye madumu matupu. Koroga alimtazama akimeza mate kwa shida.

"Mama karudi?"

"Karudi."

"Basi mwambie."

"Unafikiri ni rahisi? Ni mama."

"Najua ni mama. Mimi mama yangu kila nikimtembelea ananilisha mpaka vifungo vinaruka. Nilimwambia? Sikumwambia. Nilinunua suruali pana." Akajipangusa mdomo. "Lakini wewe, bibie, pua pana utainunua duka gani?"

Jioni ile walikula, wakatoa vyombo. Jua lilikuwa halijazama vizuri. Mama akaanza kupanga sinia lake: glasi, limau iliyokatwa, kikopo, kitambaa cha flaneli kilichokunjwa mara mbili. Alikohoa, akaegemea meza kidogo, akaendelea kupanga. Chini ya macho yake ngozi ilikuwa imeweka vifuko. Pua aliviona siku hiyo kwa mara ya kwanza, ingawa havikuwa vipya.

"Mama."

"Naam."

"Naomba usiniamshe usiku."

Mama alisogeza glasi iwe sawasawa na limau. "Nani anakuamsha?"

"Wewe, Mama."

"Mimi nakuangalia."

"Ukiniangalia naamka. Nikiamkaamka naugua. Ulipokuwa huko sikunywa tangawizi hata tone. Nililala tu, nikapona."

"Kumbe. Kwa hiyo mafua ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Miaka yote hii, kumbe mafua yenyewe yanatembea na ndara." Alijaribu kucheka, kikohozi kikamkata. Pua akampa maji. Mama akanywa, akaishika glasi bila kuiweka chini. "Na ukizidiwa?"

"Nitakuita."

"Baba yako pia alisema ataniita."

Hapo palikuwa pagumu. Pua angeweza kuomba radhi, wakabaki walipokuwa, na kesho kutwa akaenda kwenye madumu na pua iliyoziba. Akavuta kiti, akakaa karibu.

"Mama, Baba alikuwa mahututi. Mimi nina mafua. Na kazi yangu yote iko hapa," akajigusa pua. "Ikiziba, wananipeleka kufunga karatasi. Sina kingine ninachokijua. Nataka kulala mpaka asubuhi, Mama. Nakuomba niache nilale."

Mama alikunjua kile kitambaa cha flaneli, akakikunja tena. Alikitazama kikopo, akakifunga kifuniko mpaka kikalia. Kisha akakaa kwenye kiti cha pili, kwa uzito, kama mtu aliyeshushwa mzigo na wengine.

"Kwa mdogo wako," alisema, "mtoto akilala, mkwe wangu alikuwa ananiambia, Mama, lala na wewe, mimi nipo. Kila siku ananiambia hivyo. Nami namjibu, aa, mimi sina usingizi."

"Ulikuwa huna?"

Mama alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, au ni yale mafua ya njiani.

"Ninao mwingi mpaka unaniuma mifupa. Ila hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba naweza kulala na asubuhi nikamkuta kila mtu yu mzima." Akavua ndara moja, akavua na ya pili. "Na mimi nataka kulala, mwanangu. Siku zote hizi nilikuwa nataka kulala."